Unga wa Msiba Wako

Oldonyo Sambu,
Jumapili mchana

Dada yangu Ndeanasia,

Shikamoo. Usiitikie kwanza. Marahaba yako ishike hapo hapo mdomoni mpaka umalize kusoma, maana huenda ukifika mwisho usipende kuitoa, na mimi sitaki kuipata kwa udanganyifu. Udanganyifu nilioufanya unatosha.

Hujambo lakini? Mguu wa kushoto unakwendaje na baridi hii? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Neema umeipaka, au umeiweka kabatini pamoja na wenzake? Ng'ombe ameshazaa? Na kahawa, umepata watu wa kuchuma au unachuma mwenyewe huku unanung'unika kwamba watu wa siku hizi hawajui kazi? Sisi huku ni wazima. Mama Neema analalamika goti kila akipanda ngazi ya gari, na masikio yangu yanazidi kuwa mazito, lakini kula tunakula na kulala tunalala.

Barua hii anakuletea wifi yako kwa mkono wake. Mkaribishe, mpe kiti na chai, ila usimuulize kitu chochote, hata niko wapi, kwa sababu nimemwapisha asiseme mpaka uimalize. Nimeandika kwa kuwa simu siiwezi kwa sasa. Sauti yako ninaiogopa, dada, na sababu ya kuiogopa ndiyo habari yenyewe.

Nianze na uongo mdogo ili niukaribie mkubwa. Uliponipigia wiki iliyopita nikakwambia tuko Singida, tunangoja spea. Hatukuwa Singida. Tulikuwa hapa Oldonyo Sambu, na bado tupo. Mlima unaouona wewe ukifungua dirisha la jikoni, mimi ninauona kwa mgongoni kila nikifungua mlango wa Kosta, basi hili tunamolala. Siku tuliyofika Arusha mjini, badala ya kunyoosha barabara ya Moshi tupite Kimandolu tuje Tengeru, nilikata kushoto nikashika ya Namanga. Mama Neema alikuwa ameshavaa viatu vyake vizuri, na mkate wako ameupakata mapajani. Aliniacha niendeshe mpaka Ngaramtoni. Hapo ndipo akaniuliza, "Baba Neema, kwenu wamehamia huku?"

Nikamwambia tupumzike siku mbili tatu mahali penye utulivu kabla ya kupanda nyumbani. Ule mkate tumeula wenyewe, na zimepita zaidi ya wiki mbili.

Najua unavyojiuliza, kwa nini. Hata mimi nimejiuliza. Nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba, hilo halihitaji kuandikwa. Kaka zetu walipewa vihamba vyao vya migomba na kahawa wakiwa vijana, mimi nikaachiwa nyumba, migomba ya nyuma ya nyumba na makaburi. Wewe ulipofiwa na shemeji ukarudi, ukasema unaishika tu mpaka mwenyewe atakapostaafu. Mwenyewe amestaafu. Amekunja vyeti vyake vya ufundi, amenunua basi kuukuu lililokuwa likibeba wanafunzi, amelitia godoro, naye anazunguka nchi kama mtu asiye na kwao.

Nikueleze basi maisha yenyewe yalivyo, maana kwenye simu huwa nakudokezea tu. Viti vya Kosta niliving'oa mwenyewe kule Morogoro, nikabakiza viwili vya mbele. Nyuma kuna kitanda, chini ya kitanda kuna masanduku, pembeni kuna jiko la gesi na pipa dogo la maji. Ubavuni maneno ya shule yalifutwa vibaya, bado yanasomeka ukitazama kwa upande, kwa hiyo kila kijiji tunachopita watoto wanatupungia mikono. Watu wazima nao wanatusimamisha. Kule Manyoni bibi mmoja aliingia na kuku wake, akaketi juu ya kitanda chetu, akauliza nauli. Mama Neema alicheka mpaka akashika mlango. Tulimfikisha alikokuwa akienda.

Shida zipo. Paa linavuja. Klachi ilitukatikia katikati ya tope tukalala hapo siku tatu, tukila viazi vya kuchemsha. Mahali pengine watu wanakutazama wakidhani umefilisika, pengine wanadhani unatafuta madini. Lakini sitakuficha, dada. Asubuhi nikifungua mlango nikakuta mahali ambapo sikuwapo jana, chai inachemka, wifi yako anaimba sauti yake ya pili ya kwaya, moyo wangu unatulia kuliko ulivyotulia miaka yote ya kiwandani. Ndilo linalonitia aibu. Ningekuwa nateseka ningekuja nyumbani kichwa juu. Ninaona haya kuja kwa sababu nina raha, na raha hiyo wewe ndiye unayeilipia kwa mgongo wako pale shambani.

Na kingine ni kahawa. Mimi mkasi wa kukatia kahawa sijaushika tangu ujana. Injini naifungua na kuifunga nimefumba macho, lakini tawi la kukata na tawi la kuacha silijui. Nilijiona nimesimama katikati ya kihamba cha baba, mwenye mali, jirani anapita anacheka pembeni. Nikasema nitakwenda mwezi ujao. Mwezi ujao wangu unaujua ulivyo mrefu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa juzi, Ijumaa, siku tulivu kuliko zote tulizokaa hapa. Upepo ulikuwa umelala. Ng'ombe walipita asubuhi kwenda majini, wakarudi, vumbi likatua. Kwa kuwa jua lilitoka zuri nilishusha lile turubai tunalofunikia paa, nikalifunga upande mmoja kwenye gari na upande wa pili kwenye miti miwili, likauke na sisi tupate kivuli. Mama Neema naye akasema basi aoshe viti. Tuna viti kumi vya plastiki, vilivyonunuliwa siku ya kuniaga kazini, akakataa kata kata kuviacha Morogoro. Akaviosha vyote, akavipanga mistari miwili chini ya turubai vikauke. Mimi nikakalia cha mbele. Ndipo ukapiga simu.

Nililiona jina. Kwenye simu yangu umeandikwa DADA tu, kwa herufi kubwa. Niliiacha ikaita mkononi mpaka ikanyamaza. Kisha nikashika tama, nikawa nautazama mlima. Mama Neema alikuwa mlangoni anakata vitunguu, anaimba wimbo ule wa kwaya wa kuaga, na kila mara anafuta macho kwa upindo wa khanga.

Wewe ungepita barabarani ukaona turubai, viti vimepangwa, mzee ameshika tama na mama analia huku akiimba, ungefikiri nini?

Mama mmoja alipita na punda wa maji. Alisimama, akatutazama, akainamisha kichwa, akaondoka haraka. Sikumjali. Baada ya chakula Mama Neema akaingia ndani kulala kidogo, nami nikasinzia pale pale kitini.

Nilipofumbua macho kulikuwa na mzee mbele yangu ameshika kofia mkononi. Anaitwa Mzee Lomayani, jirani wa hapa, mtu mrefu mwenye shuka jekundu na koti juu yake. Nyuma yake walikuwa wazee wengine wawili na mwinjilisti wa mtaa.

"Poleni sana," akasema. "Tumechelewa kidogo. Tumepata habari kwa mama wa punda."

Nikadhani ni pole ya gari kuharibika, maana hiyo ndiyo pole ninayopewa kila mahali. Nikasema, "Tumeshapoa, mzee. Ndiyo maisha."

"Ni kazi ya Mungu."

"Kweli kabisa. Ila na barabara nazo zinachangia."

Akanitazama kwa huruma, akasema, "Eeh, ajali. Poleni." Wakaketi. Nikafurahi, dada, niseme ukweli. Nilifurahi kwamba viti vya Mama Neema vimepata watu.

Kisha wakaja akina mama. Mmoja alikuwa na kuni kichwani. Mwingine ndoo ya unga wa mahindi. Mwingine jogoo mweupe amefungwa miguu, na mwingine kibuyu cha maziwa mgando. Hawakusalimia kwa sauti, waliweka vitu vyao chini polepole, wakatandika khanga zao, wakaketi. Nyuma yao kabisa akaja bibi kizee wanayemwita Koko Naserian, amekongoja na fimbo kutoka boma lililo mbali kule chini, mtu ambaye hata macho hayaoni vizuri. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Pole, baba," akasema. "Na mmefiwa njiani, hamna hata jirani. Sasa sisi ndio jirani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Na kabla sijameza mate Mzee Lomayani akauliza kwa upole, "Ni nani ametutoka?"

Jibu lilikuwa neno moja, dada. Hakuna. Ningelisema tungecheka, wangekunywa chai, wangeenda. Lakini nilimwona yule bibi na machozi yake, nikaona vumbi miguuni mwake, nikaona ndoo ya unga. Niliona kama nikisema hakuna nitakuwa nimewatukana wote. Simu ilikuwa bado mkononi, na jina lako lilikuwa bado juu ya kioo.

Nikasema, "Ni dada yangu."

Nimekuua, Ndeanasia. Nimekuchuria mchana kweupe mbele ya watu wa Mungu, wewe uliyenibeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Na nilipoanza sikujua kusimama. Wakaniuliza ulikuwa mkubwa kwangu au mdogo, nikasema mkubwa, ndiye aliyenilea. Wakatikisa vichwa. Mwinjilisti akauliza mazishi ni wapi. Nikasema, "Nyumbani, upande wa pili wa mlima."

Koko Naserian akageuza kichwa. "Upande wa pili wa mlima huu?"

"Ndiyo, mama."

"Si hapo tu? Sasa mbona wewe umekaa hapa?"

Nikasema gari limeharibika, uongo juu ya uongo, na Kosta iko pale pale nyuma yangu, nzima kama ng'ombe aliyeshiba. Mzee Lomayani akasimama, akavaa kofia yake. "Basi tutafute gari," akasema. "Hata la nyanya. Mtu hawezi kukosa kumzika dada yake kwa sababu ya mashine." Akaanza kupanga na wenzake nani ana gari, nani ana mafuta. Mimi nimekaa tu.

Mama Neema akaamka kwa zile sauti. Akatoka na khanga begani, akashangaa wageni, akawa anatabasamu akitafuta wa kumwamkia kwanza. Mwanamke mmoja akamkumbatia, akamwambia, "Pole, yeyo, pole mama, kwa wifi yako. Pole sana."

Sikuwahi kumnong'oneza. Alidhani ni kweli, kwamba nimepigiwa simu yeye akiwa amelala. Dada, wifi yako alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, hata alipomzika mama yake. Aliketi chini kwenye vumbi. "Wifi yangu! Wifi yangu amekufa na sisi tuko hapa! Mkate wake tumeula!" Akina mama wakamshika huku na huku, wakaanza kulia naye. Akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. "Nilikwambia, Baba Neema! Nilikwambia tukunje kulia!"

Mimi nikalia. Haikuwa ya uongo ile. Nilijua u hai, nilijua nina simu yako ya asubuhi niliyoikataa, na bado nililia kama mtoto, kwa sababu niliona jinsi itakavyokuwa siku ya kweli. Itanikuta chini ya turubai lililo hivi hivi, ninatazama mlima kwa mgongoni, nawaambia watu nisiowajua kwamba gari limeharibika. Nilijionea haya, dada, mpaka nikatamani ardhi inifunike mimi badala yako.

Mwinjilisti akasimama kuomba. Alikuwa amefika mahali pa kumshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu, simu ikaita.

Nilikuwa nimeiweka juu ya kiti. Mama Neema ndiye aliyekuwa karibu. Akaliona jina, akadhani ni wajukuu wanapiga kwa simu yako kutoa taarifa za mazishi, akaipokea. Na simu yangu unaijua, kwa ajili ya masikio yangu huwa nimeifungulia sauti ya nje siku zote.

Sauti yako ikasikika pale chini ya turubai kama umeketi nasi. "Haloo! Nyie watu, tangu asubuhi napiga, mnanikimbia? Mwambie huyo mdogo wangu godoro lao nimelianika leo, limepata jua zuri. Mnakuja lini?"

Utakumbuka kwamba Mama Neema aliita "Yesu wangu!" na simu ikakatika. Najua ulidhani ni mtandao. Haukuwa mtandao. Aliitupa.

Jogoo akapiga mbawa. Mwinjilisti alikuwa bado amefumba macho, maombi yake hayajapata amina. Kisha Koko Naserian, yule asiyeona vizuri lakini anasikia kunishinda, akauliza taratibu, "Marehemu anaanika godoro?"

Mtu mmoja akaguna, mwingine akaziba mdomo, halafu wakacheka wote, akina mama wakalala kwenye khanga zao wakicheka, mpaka mwinjilisti. Mimi na Mama Neema tu ndio hatukucheka. Alikuwa ananitazama. Akajifunga khanga kiunoni, akaingia ndani ya gari, akafunga mlango. Tangu tuoane hajawahi kunifungia mlango.

Mzee Lomayani hakunikemea; angenikemea ingekuwa nafuu. Alisubiri kicheko kiishe, akaniuliza, "Bwana, mtu akikosa la kusema, si anyamaze? Sisi tungekunywa chai tukaondoka."

Niliwaomba radhi. Nilisimama mbele yao nikawaambia yote, turubai, viti, vitunguu, simu, kukata kushoto pale mjini. Kisha nikaokota ndoo ya unga nimrudishie mwenyewe. Yule mama akarudi nyuma kama nimempa nyoka. Koko Naserian akapiga fimbo yake chini.

"Hicho hakirudi," akasema. "Kitu kilichotoka nyumbani kwenda kwenye msiba hakirudi nyumbani kilikotoka. Unataka kituletee msiba sisi?"

"Sasa, mama, nikifanyeje? Hakuna msiba."

"Tumekileta kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya dada yangu."

"Basi ni chake. Mpelekee. Mwambie watu wa Oldonyo Sambu wamemlilia akiwa hai, sasa akifa kweli asitudai." Wakacheka tena. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, ya mimi tu, "Baba, mtu anaanika godoro lako, na wewe unakaa mgongoni mwake?"

Kuni walisema tupikie, maana kuni hazina shida. Maziwa wakayanywa wenyewe na mahindi yaliyobaki sufuriani kwetu, wakasema mchanganyiko huo ndio loshoro, na angalau loshoro ya kufufuka iliwe. Wakaondoka jua linapunguza ukali. Niliviosha viti tena peke yangu.

Jana kutwa Mama Neema hakusema nami ila kwa habari ya chumvi. Leo asubuhi amekwenda ibadani pamoja na hao hao akina mama, mimi nimebaki na jogoo, kwa kuwa sikuwa na uso wa kukaa mbele ya mwinjilisti. Amerudi sasa hivi. Ameweka Biblia, amevaa tena vile viatu vyake vizuri, amekaa kiti cha mbele cha abiria. "Andika upesi," ananiambia. "Mimi safari hii nashuka Tengeru, uwe unaendesha wewe au naendesha mwenyewe." Na gari hajui kuendesha.

Basi tunakuja, dada. Unga uko chini ya kitanda, kwenye ndoo yake. Jogoo yuko juu ya kitanda. Usimchinje kwa hasira, hana kosa lolote. Unga upike ule, au umpe ng'ombe, au uumwage, utakavyoona. Ni unga wa msiba wako na wewe ndiye mwenye msiba.

Niliyokuwa nayo ni hayo. Nisalimie kaka yetu mkubwa Eliakimu wa kihamba cha juu, na umwombe asinicheke mpaka niwe nimekaa. Msalimie mjukuu wetu Anande, mwambie babu yake wa basi amemletea kengele ya ng'ombe. Msalimie Mama Mchungaji anayekuja kukusugua mguu, na jirani yetu Baba Ndesario, ambaye nataka anifundishe kukata kahawa. Mwambie nitaanza na mti mmoja, ule mbaya kuliko yote, na anaruhusiwa kucheka.

Limebaki moja. Unajua mtu wa kwetu haji kuomba radhi mikono mitupu, anashika jani la isale, na mwenye isale mkononi husikilizwa hata kama amekosa nini. Nimezunguka huku kutafuta, huku ni kukavu, masale hayapo. Ninayoyajua yako mahali pamoja tu, mpakani mwa kihamba chetu, yale aliyoyapanda baba. Kwa hiyo jani hilo ninalichuma kwako, bila kukuomba. Ona ndugu yako, hata msamaha anauanza kwa wizi.

Ukifika kusoma hapa, Mama Neema ameshatangulia kuingia na barua. Mimi ndani ya mpaka siingii mpaka uniite. Usiponiita nitashusha unga na jogoo hapo njiani, na sitakulaumu.

Sasa inuka polepole, angalia huo mguu. Fungua dirisha la jikoni. Huyo mzee aliyesimama nje ya masale na jani mkononi ni mimi. Kama unaweza, itikia ile shikamoo niliyoiandika juu kabisa. Itikia kwa sauti, masikio yangu unayajua.

Mdogo wako,
Eliamani